Kisu cha Keki ya Nafula

Nyinyi chekeni tu, lakini mimi siku hiyo ningepata shimo hapo kwa hema ningeingia nilivyo, na suti ya kuazima na kila kitu.

Dada yangu Nafula alikuwa anaolewa na Odhiambo, mekanika wa magari pale steji ya Kawangware 56, na mimi, fundi wa visu hapa Silanga (fundi wa maana, nilikuwa nimeambia kila mtu), nikaapa keki haitakatwa na kisu cha kukodi nikiwa hai. Chuma cha kukata kilikuwa tayari, kilichobaki ni vile vipande vya kubana mpini mbele na nyuma, na hapo ndipo nilijiroga. Brasi, ile shaba ya njano, nilikuwa nayo, nimeyeyusha mifereji ya maji mibovu, lakini Nafula alitaka rangi ya fedha ifanane na gauni. Jirani yangu Mzee Barasa, aliyeshika tupa kabla sijazaliwa, akaniambia, "Kijana, tafuta stenlesi, ile chuma haishiki kutu." Wueh! Stenlesi ingenikula siku mbili nikipiga tupa, na alumini ya sufuria kuukuu inayeyuka kwa makaa asubuhi moja. Nikachukua alumini, nikaipiga polishi mpaka nikajiona meno.

Sikujua (sawa, nilijua, nikapuuza) kwamba alumini ikisuguliwa hutoa weusi. Na bibi harusi alivaa glavu nyeupe.

Nafula akashika kisu, Odhiambo akaweka mkono juu ya wake, emcee akahesabu, vigelegele, keki ikakatwa, Nafula kuinua mkono, glavu nyeusi tii! Halafu mamangu, ambaye tangu mwanzo hakutaka mambo ya mekanika, akasema hema lote likisikia, "Si nilisema? Hata siku ya harusi hajanawa!"

Maze, Odhiambo akaficha mikono nyuma. Shangazi yake akachukua mkoba na kusimama, na upande wao wote wakaanza kuvuta viti. Na mimi, niwaambie ukweli, nilifurahi kidogo kwamba hakuna mtu ananiangalia. Lakini nikamwona Nafula machozi yanamtoka, nikajua nikinyamaza hii harusi inaishia hapa.

Nikaenda mbele, nikachukua kisu, nikasugua mpini kwa shati langu jeupe. Mstari mweusi kifuani, wote wakiona.

"Mama, si yeye. Ni mimi na alumini yangu."

"Aki wewe ni fundi wa nini?" mtu akauliza kutoka nyuma, na watu wakacheka mpaka emcee akaweka maiki chini.

Mama hakucheka. Aliinuka polepole, akaenda kwa Odhiambo, akavuta ile mikono kutoka nyuma, akaigeuza huku na huku. Safi kabisa.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia, na hakuwa amewahi kumwita hivyo. Kisha akafungua mdomo, akangoja alishwe keki na mikono hiyohiyo.

Mimi niko kwa picha zote na shati langu chafu. Tangu hapo, chuma chochote nikikitaka kwa mpini, nakisugua kwanza kwa nguo yangu mwenyewe, nikiwa nyumbani, mlango umefungwa, na mama hayuko.