Miko Miwili ya Memsaab

Patrobas Wekulo aliota ndoto akiwa wima. Majirani wa Kaloleni, Nairobi, walisema akikoroga uji hufika kwao magharibi na kurudi kabla haujaiva. Miaka ya sabini alimpikia Memsaab Gita, ajuza wa Kiyahudi aliyekuwa na miko miwili: wa nyama ulikuwa na uzi mwekundu, wa maziwa uzi wa buluu, kwa kuwa dini yake ilikataza nyama na maziwa kukutana. Kuichanganya kulikuwa mwiko. Mpishi aliyemtangulia alichanganya, na siku ilipojulikana akafutwa kazi kabla sufuria haijapoa.

Jumapili moja binamu wawili wa memsaab walifika kutoka Amerika. Kila mmoja alikuwa na dhehebu lake la Kiyahudi: Saul wa Mageuzi, aliyelegeza sheria za kale; Natan Mhafidhina, aliyezipima moja moja; na memsaab Mwothodoksi, aliyezishika zote. Wekulo akatega sikio mlangoni.

"Kule Ujerumani babu zetu waligombania kinanda," Saul alimwambia memsaab. "Sisi tukakiingiza sinagogini, tukasali kwa Kijerumani. Ninyi mkaziba masikio."

"Na sisi tukakaa katikati," Natan akasema, "tukapigwa makofi pande zote."

Wekulo akacheka, akarudi jikoni kukoroga nyama. Kanisa lake lilikuwa limepasuka kwa ajili ya ngoma. Mvuke ukapanda taratibu, naye akaona vinanda vya Kijerumani vikiteremka Jogoo Road kwa miguu yao, ngoma za Kaloleni zikivipisha kwa adabu: pita, mzee. Alipozinduka nyama ilikuwa imeiva, na mwiko mkononi ulikuwa na uzi wa buluu.

Nyama haina mdomo, akawaza. Lakini miguu ilishampeleka mezani.

"Memsaab, mwiko wa maziwa umeingia kwenye nyama."

Saul akavuta sahani. "Mimi nakula. Mti ni mti."

"Ngoja," Natan akasema. "Jana ulikoroga nini nao?"

"Uji wa maziwa, bwana. Moto."

"Nyama yenyewe ni kiasi gani?" Akaanza kupiga hesabu kwa vidole, aone kama wingi wa nyama umeyameza maziwa yaliyobaki kwenye mwiko.

"Hadi apate jibu, parachichi zangu za bustanini zitakuwa zimeoza," memsaab akasema, akamgeukia mpishi. "Yule wa kwanza alinificha, nikala wiki nzima. Wewe umesema. Kesho uje kazini kama kawaida. Mimi nyama hiyo siigusi; iliyobaki ipeleke kwako."

Jioni mkewe Khavere akafunua sufuria. "Baba Annah, nyama yote hii imekosa nini?"

"Mmoja ameila, mmoja ameikataa, mmoja bado anafikiria."

"Basi sisi ni dhehebu la nne," akasema Khavere, akabandika maji ya ugali.