Honi Mbili Zilizonipeleka Masoko

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya swali moja, na nilikaa nalo miezi minne kabla ya kupata ujasiri wa kukata tiketi. Swali lenyewe ni hili: siku treni ya mjini ilipomgonga Bi Zuhura, ile honi ilipigwa kwa ajili yake au kwa ajili yangu?

Ngoja nieleze, maana nikisema hivyo tu mtaniona nimechanganyikiwa. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka relini, pale watu wanapovukia kwenda sokoni. Wenzangu wana mpira, mimi nina treni. Nina madaftari ya shule yamejaa namba za vichwa, idadi ya mabehewa, dakika zilizochelewa na sababu za kuchelewa. Mtaani waliniita Stesheni Masta, na wapo waliodhani nimepungukiwa kidogo. Waache wadhani.

Dereva wa asubuhi alikuwa Mzee Ambakisye, mtu wa Rungwe, mrefu, mpole. Kila akikaribia nilitoka kibandani na tepu yangu shingoni, nikapunga kitambaa cha kijani kama gadi anayeruhusu treni. Naye akifika kwenye kalavati, mbali bado na kivuko, ananijibu kwa honi mbili fupi. Mimi ndiye niliyemwomba, siku moja treni iliposimama kwa hitilafu tukapata nafasi ya kuongea. Alicheka akasema, "Haya Masta, nitakusalimia." Basi ikawa hivyo miaka. Mtaa mzima ukazigeuza honi zile kuwa saa. Zikilia, kila mtu anajua treni ndiyo kwanza iko kalavati, na mwenye miguu mizima anavuka bila hata kugeuza shingo.

Siku ile nilichelewa. Kufuli la kibanda liligoma, nikahangaika nalo nikitukana. Nilipotoka, treni ilikuwa imeshapita kalavati, kimya. Nikapunga kitambaa mbio mbio. Honi mbili zikalia, fupi, karibu mno. Bi Zuhura, muuza vitumbua, alikuwa ng'ambo na beseni lake kichwani. Alizisikia kama tulivyozisikia sote. Akaingia relini.

Zimamoto walifika upesi. Kazi yao naijua, kwa sababu hata hao nilikuwa napenda kuwatazama: kwanza njia ifungwe, treni inayokuja izuiwe stesheni, ndipo mtu aingie chini ya behewa. Kiongozi wao aliuliza mara mbili, "Njia imefungwa? Nani amethibitisha?" Kwenye gari lile alikuwemo Mwanaidi, binti wa Bi Zuhura, mwokoaji kama wenzake. Hakuwa ameambiwa ni nani. Aliliona beseni kwanza. Kiongozi akamshika mabega akamrudisha garini, na mimi kwa mara ya kwanza sikuweza kutazama.

Taarifa ya ajali ikasema dereva alipiga honi, mvukaji hakujali. Ikaishia hapo. Baadaye kikosi cha kina Mwanaidi kikawa kinapita shuleni kufundisha watoto usalama wa reli, na mfano wanaoutoa ni wa mama mmoja aliyepigiwa honi asisikie la mtu. Mwanaidi anakaa nyuma ya darasa, anasikiliza.

Jioni moja alikuja kibandani na sare yake. "Mjomba, wewe unaandika kila kitu. Treni ilipiga honi?"

"Ilipiga."

"Mama hakuwa kiziwi."

"Hakuwa."

"Sasa ilikuwaje?"

Nikamwambia nina nguo ya mteja, anaisubiri. Yaani hivyo ndivyo nilivyomjibu yatima. Kulikuwa hakuna mteja wala nguo.

Mzee Ambakisye alikuwa ameshaacha kazi na kurudi kwao Masoko. Nilijiambia nitamfuata huko. Akisema honi ilikuwa ya onyo, alimwona yule mama akamwonya, basi nami nitapumua. Nilikuwa naomba aseme hivyo, sitaficha. Nilikuwa tayari Bi Zuhura awe mzembe ili mimi nilale.

Safari ya kwenda Mbeya niliifanya kwa treni, ya njia ile ndefu iendayo hadi Zambia. Tangu ujana niliitamani. Nilinunua daftari jipya kwa ajili yake. Tukapita mbugani, tukapita mahandaki na madaraja ambayo wapenzi wa reli kama mimi huyazungumzia kwa kumeza mate, na sikuandika hata mstari. Kila dereva alipopiga honi kwenye kivuko, nilikuwa naziba masikio kwa viganja. Jirani yangu kwenye kiti, mama aliyekuwa akirudi Tunduma, aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, ilikuwa rahisi zaidi.

Mbeya nilipanda gari dogo la kwenda Tukuyu. Baada ya Uyole barabara inapanda, baridi inaingia. Isongole wanauza viazi kandokando ya lami, wamejifunika makoti na mifuko ya nailoni kichwani. Mlima Rungwe sikuuona, ulikuwa ndani ya ukungu, na abiria walinihakikishia uko palepale, wakacheka. Kuanzia Kiwira kushuka ni migomba na chai, kijani mpaka macho yanachoka, na mvua. Nimeishi pwani maisha yangu yote nikidhani naijua mvua. Ya Rungwe haina adabu, inaanza kabla hujauliza na haina mpango wa kuondoka.

Tukuyu nililala nyumba ya wageni karibu na stendi. Asubuhi nikapata bodaboda wa kunipeleka Masoko. Njia ya vumbi ilikuwa tope jekundu, tukateleza mara mbili, na mteremko wa mwisho kijana alikataa kabisa. "Hapa, mzee, utashuka kwa miguu. Hata gari la wagonjwa huwa linaishia hapahapa." Nikashuka kwa miguu, viatu mkononi.

Nyumbani kwa Mzee Ambakisye nilimkuta mkewe, Mama Lusajo, anamenya ndizi. Nilipotaja jina langu la mtaani alisimamisha kisu. "Wewe ndiye Masta?" Akanipa kigoda, akanipa mbalaga, zile ndizi zao za kupika, na maziwa ya mgando. Nilikula kwa adabu tu, hazikushuka.

Mzee akatoka nyuma ya nyumba na panga mkononi. Alikuwa amekonda. Nikasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, Masta. Umekuja." Alilisema kama mtu aliyekuwa akinitegemea. Tukakaa. Akaniuliza habari za Dar, za joto, za cherehani. Habari za treni hakuziuliza, nami nikawa nazunguka, nasifia migomba yake. Mwoga mimi.

Hatujafika popote, mwanamke mmoja akaingia uani anakimbia, analia Kinyakyusa. Jirani yao, mwenye mimba kubwa, ameteleza akitoka kukata ndizi, anatoka damu. Mzee aliinuka pale pale. Ukutani chini ya paa palikuwa na machela: miti miwili na turubai lililoshonwa vizuri, mimi fundi nakiri. Mama Lusajo tayari alikuwa na simu sikioni, anaita gari la wagonjwa kutoka Tukuyu lije mpaka pale njia ya tope inapogoma. Wakaja wanaume, lakini wanne hawakutimia. "Masta," mzee akaniambia, "shika nyuma."

Kupanda ule mteremko na mtu begani sitausahau. Mvua ilikuwa machoni, miguu haina pa kushika, na yule mama kila tukitikisika anauma khanga yake asipige kelele. Mzee Ambakisye alitangulia hatua mbili mbele, hakubeba, kazi yake ilikuwa njia tu. "Jiwe kulia. Shimo. Polepole. Simama. Haya." Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, ya mtu anayeshughulika na kitu kizito.

Katikati ya njia, bibi kizee alitoka barazani kwake na kumwita. "Ugonile, Ambakisye!" Hiyo ndiyo salamu yao. Mzee hakugeuka. Bibi akarudia, akidhani hakusikia. Mzee akasema tu, "Shimo kushoto, Masta," na macho yake hayakuondoka kwenye tope. Wenyeji wa kule salamu si mchezo, watu wanaweza kusimama wakasalimiana mpaka uhisi wamesahau walikokuwa wanakwenda. Kumpita mkubwa wako bila kumjibu ni aibu ya kusimuliwa wiki nzima. Nikamwangalia mwenzangu wa ubavuni, mwanamume wa makamo, kwa mshangao.

"Ndivyo alivyo," akaniambia akihema. "Akiwa na machela hasalimii mtu. Hata mchungaji alipitwa. Anasema salamu zitasubiri."

Hapo nilijua. Machela bado ilikuwa begani kwangu na nilikuwa nimeshapata jibu langu.

Juu, gari la wagonjwa lilikuwa limefika. Muuguzi akampokea mama, wakafunga mlango. Dereva akapiga honi fupi ya kutushukuru. Mzee Ambakisye akafumba macho, akasimama hivyo mpaka gari likapotea kwenye kona.

Wakati wa kushuka, wenzetu wakatangulia. Mzee alipitia kwanza kwa yule bibi. Akavua kofia kwenye mvua, akainama, akamsalimia kirefu, na bibi akamjibu kirefu, bila kisirani. Kisha tukaketi barazani hapo, naye akaongea bila kuulizwa.

"Siku ile nilikukosa, Masta. Nimefika kalavati, hupo. Nikasema, huyu leo anaumwa? Nikawa nakutafuta kwa macho, upande wako, kushoto. Sikupiga kitu. Nilipokuona na kitambaa chako nikafurahi, nikapiga. Yule mama alikuwa kulia. Nilimwona honi imeshalia."

"Si kwamba ulimwonya?"

"Honi ya onyo ni ndefu, wewe unajua kuliko hata sisi. Zile zilikuwa zako."

Nililia, sioni aibu kusema. Nilitegemea na yeye angelia lakini hakulia. "Waliniuliza, ulipiga honi? Nikasema nilipiga. Hawakuuliza nilimpigia nani. Nikanyamaza. Nikasema, wakinifukuza nitakula nini, wakinifunga nitawaambia nini watoto. Nimemwachia marehemu kosa langu."

"Letu," nikasema.

"Letu fijo," akajibu, yaani letu kabisa.

Nilimweleza habari za Mwanaidi na zile shule. Hakuwa akizijua. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye bati. Kisha akaomba daftari. Nilikuwa nalo lile la siku ile, nimelifunga kwenye nailoni. Chini ya mstari wangu wa asubuhi ile, namba ya kichwa, mabehewa, honi mbili fupi, akaandika kwa mkono wake: Honi hizi hazikuwa za Bi Zuhura. Zilikuwa salamu. Nilichelewa kuzipiga na sikuwa natazama njia. Akatia saini, akaandika jina lake lote na kijiji chake.

Asubuhi ya kuondoka, habari zilikuwa zimetoka hospitali ya Makandana: mama yule anaendelea, mtoto hakupona. Mzee alikwenda mwenyewe kuwaambia wazazi wa yule mama. Mama Lusajo alinisindikiza mpaka juu ya mteremko. "Watamfunga?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Mpelekee huyo binti hivyo hivyo," akasema. "Usiuchane ukurasa njiani." Alijua moyo wangu yule mwanamke. Kati ya Tukuyu na Uyole nililitoa daftari lile kwenye nailoni mara tatu.

Dar nilifika mchana, sikupita hata nyumbani. Mwanaidi alikuwa zamu, anaosha gari. Alisoma ukurasa ule amesimama, mpira wa maji unamwaga chini. Alisoma tena. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na nadhani nilikuwa nayahitaji.

"Na wewe ulijua," akasema.

"Nilijua nusu."

"Nusu ilitosha, mjomba." Akafunga maji. Hajaniita mjomba tena tangu siku ile. "Jumatano tuna shule. Utakuja. Utasema wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watoto."

Jumatano nilikwenda. Wale zimamoto niliokuwa nawatazama kwa mbali walinipa nafasi mbele, karibu na ubao. Nilijifunza Masoko kwamba salamu inaweza kusubiri, na hilo ndilo nililowaambia watoto, lakini kwanza niliwaambia mimi ni nani na honi zile zilikuwa za nani. Mbali kidogo treni ya asubuhi ilipita bila honi, na mimi sikuangalia saa.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo yule mama hakuwa mzembe?"

"Hakuwa," nikasema. "Alisikia vizuri kabisa. Alituamini."

Nyuma ya darasa, Mwanaidi alivua kofia ya kazi, akageukia ukutani.