Mkate wa Mayai Kwenye Meza ya Boflo

Mwaka ule tulikula yanga. Mtu wa rika langu ukimwambia hivyo hakuulizi ulikuwa mwaka gani, anakunja pua tu, maana harufu inamrudia. Ulikuwa unga wa mahindi ya njano yaliyoletwa na meli, na ugali wake ulinuka gunia hata ukiuteremshia mchuzi wa namna gani. Watoto wa Temeke tulikula njano na chooni tulikwenda njano, wanaokula wanisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sukari ndiyo usiseme. Ikisikika kwamba gari limeleta sukari duka la ushirika, mama yangu aliondoka na jiwe lake alfajiri, akaliweka kwenye foleni lishike nafasi, akarudi kutuchemshia uji, kisha akaenda kusimama mahali pa jiwe. Alirudi na kilo moja. Kilo hiyo ilikuwa yetu watu saba, na ilitakiwa itufikishe wiki mbili.

Mama alikuwa mpishi wa harusi. Kusoma hakujua, mahali pa jina alibonyeza dole gumba, lakini Temeke nzima ikitaka kuoza binti ilianza kumuuliza yeye ana nafasi lini. Pilau aliijua, lakini kilichomletea watu mlangoni kilikuwa mkate wa mayai. Kwa asiyeujua nimweleze: ni mayai, sukari, unga wa ngano na iliki, basi. Hakuna siagi wala hamira. Kinachouinua ni mkono wa mtu. Mama alikaa juu ya mbuzi ya nazi, bakuli katikati ya miguu, akapiga mayai na sukari kwa fungu la chelewa, zile njiti za makuti, upande mmoja tu, mpaka yakawa meupe na mazito. Ukigeuza mkono kwenda upande wa pili alikupiga na kile kile kifungu. Akitaka kujua kama yameiva alichora mstari juu yake. Mstari ukizama, endelea kupiga. Usipozama, tia unga. Halafu sufuria jikoni, makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko, na hapo hakuna kupiga kelele wala kupiga mbio uani, mkate usije ukashtuka ukabonyea. Harufu ya iliki ikipita juu ya ukuta, majirani walianza kukohoa kohoa, wakikumbushia kwamba wapo.

Sasa shuleni kwetu kulikuwa na gulio. Waliosoma zamani wanalijua: siku moja watoto wanaleta vitu kutoka nyumbani, wanauziana, na fedha inayopatikana inafanya kazi ya shule. Safari ile ilikuwa ya milango ya vyoo vya wasichana, maana haikuwepo hata mmoja. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Felista, mtu wa Moshi, ndiyo kwanza amehamia, mchapakazi hasa. Alisema mgeni rasmi atakuja, kwa hiyo watu walete keki nzuri. Mie mdomo ukanitangulia. Nikasimama nikasema mama yangu atapika, na kwamba hakuna wa kumshinda. Nilipofika nyumbani nikamwambia nilivyosema, nikingoja kofi. Mama alinitazama, akaenda kwenye kopo la sukari, akalitikisa. Unga wa ngano alikuwa nao kidogo, kapewa kwenye harusi ya watu. Mayai, kuku walikuwepo uani. Sukari alimimina yote.

Baba alikuwa mlangoni anaona. "Na chai tutakunywa na nini?"

"Na midomo," mama akasema, akaendelea kupiga mayai.

Siku ya gulio mama aliubeba mwenyewe kichwani, ndani ya sufuria, umefunikwa kitambaa cheupe. Tulikuta meza mbili. Moja ilitandikwa kitambaa cha maua, karibu na kiti cha mgeni rasmi, hiyo ya keki. Nyingine ilikuwa kule kwenye pipa la chai, imepangwa vipande vya boflo, ule mkate wa dukani, vya kuchovya, hiyo ya mikate. Na pale kwenye kitambaa cha maua ilikuwa imekwishakaa keki ya Zehra. Zehra alikuwa binti wa Kihindi wa darasa letu, baba yake ana duka la vitambaa, na keki yao ilinunuliwa mjini. Nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Nyeupe kama kanzu ya Idi, ina waridi la sukari la rangi ya waridi kweli, iko ndani ya boksi lenye kamba. Mie sikuwahi kuona chakula kilichofungwa kamba ya zawadi. Nilitazama sufuria yetu yenye masizi.

Mwalimu Felista alifunua kitambaa, akanusa. "Mama Siti, hii ni keki?"

"Mkate wa mayai."

"Ah, mkate. Haya mama, mikate meza ile pale."

Hakuwa na ubaya. Kwao mkate ni boflo na keki ni keki, nani angemfundisha kwamba pwani kuna mkate ambao ni keki na zaidi? Lakini mie nilielewa kinachotokea. Sukari ya wiki mbili inakwenda kuchovywa kwenye chai ya pipa pamoja na boflo, na mama yangu, anayelisha harusi za watu, anakwenda kuhesabiwa muuza mkate mbele ya shule nzima, na aliyemleta hapo ni mie na mdomo wangu. Nikamvuta kanga. "Mama, sema keki. Neno moja tu."

Hakuteremsha hata sauti. "Huu ni mkate wa mayai. Sibadili jina lake ili mtu aupende." Akauweka kwenye meza ya boflo, akaukata, akaenda kusimama ukutani pamoja na wamama wengine.

Wa kwanza kununua alikuwa Mwanaidi, kidomodomo wa darasa letu, mtu ambaye hata akilala nadhani aliongea. Akachukua kipande chetu, akakichovya kwenye kikombe cha chai kama anavyochovya boflo. Boflo ukilichovya linatoka limelowa lakini zima. Mkate wa mayai hauna ubavu huo, ule ni upepo na yai. Mwanaidi aliinua mkono, akakuta ameshika kipande cha ukubwa wa kucha.

"Jamani, njooni muone. Mkate wa kina Siti umekufa maji."

Wakaja. Mmoja akasema labda unauzwa pamoja na ndoano. Mwingine akasema tumekata godoro. Walicheka mpaka wengine wakashika magoti, na mie nilitamani kukimbilia chooni nijifungie, lakini choo chenyewe ndicho kilichokuwa hakina mlango. Nikamtazama mama. Hakuwa akiwatazama wanaocheka. Alikuwa anakitazama kikombe cha Mwanaidi.

Mwanaidi hakuwa mtu wa kumwaga chakula, mwaka ule nani alimwaga? Akainua kikombe, akanywa. Kisha akanyamaza, na hilo peke yake liliwatisha watu. Akanywa tena, akafika chini, akaingiza kidole, akalamba. Halafu akasema polepole, kama anayetoa siri ya nyumbani kwao:

"Chai ina sukari."

Sijui nitawaelezaje ninyi mliozaliwa na sukari mezani. Chai ya pipa lile ilikuwa majani na maji tu. Hatukuwa tumekunywa chai tamu siku nyingi, wengine tulianza kusahau. Meza ilizingirwa hivi, watu wakanunua vipande, wakavizamisha makusudi, wakakoroga na vidole. Wale wale wa godoro. Zehra aliacha keki yao ikilindwa na nzi, akaja na kikombe, akaniambia, "Siti, nikatie kikubwa, mama yangu huwa anapika huu." Mwalimu Felista naye akaja, akajifanya anakagua foleni, akaishia kusema, "Nitie na mie." Mgeni rasmi anafika, sufuria yetu imebaki na harufu tu. Watu husema usione vyaelea, vimeundwa. Mkate wa mama yangu haukuelea, ulizama, lakini nao uliundwa.

Keki ya Zehra aliikata mgeni rasmi, na mie nilipata kipande chenye ukingo wa waridi, ulimi ukanigeuka rangi. Ilikuwa tamu. Jioni nilipoulizwa nyumbani ilikuwa tamu vipi, nikashindwa kueleza. Ilikuwa tamu tu.

Wakati tunaondoka Mwalimu Felista alimfuata mama. "Mama Siti, kumbe hii ni keki kabisa. Safari nyingine nitaiweka meza ya keki."

"Weka popote, mwalimu," mama akasema, "mradi pawe karibu na chai."

Wiki mbili zile tulikunywa chai na midomo. Baba hakulalamika. Kila asubuhi alikuwa akisema, "Siti, nisimulie tena yule wa ndoano," nami nasimulia, na yeye anakunywa ile chai chungu anacheka, kikombe kinaisha.

Leo nakaa Chamazi kwa mwanangu. Sukari imejaa kopo na daktari ndiye anayenikataza. Unga uko duka la mtaani, jiko ni la gesi, mayai yanapigwa na mashine, na keki za dukani zimekuwa nzuri kupita ile ya Zehra, zina picha ya mtoto mwenyewe juu yake. Sizibezi. Mtu aliyechora uso wa mtoto kwa krimu naye ana mkono. Ila nikizila nasikia sukari, simsikii mtu. Mama yangu ukila mkate wake ulimsikia, hata ukiwa umezama.

Juzi shule ya mjukuu wangu Nasra ilituma ujumbe kwenye simu ya mkwe wangu. Wana siku ya kuuza keki, kila keki iwe ndani ya boksi na jina lake liandikwe juu. Mkwe alitaka kwenda kununua, nikamwambia aniletee boksi tu. Nikapiga mayai kwa mkono, upande mmoja, mpaka bega likauma, nikachora mstari, haukuzama. Mkate ulipopoa tukautia kwenye boksi, Nasra akakaa na kalamu yake nyekundu, akautazama ulivyo mtupu, hauna krimu wala picha, kisha akanitazama mie. Yale macho nayajua, yalikuwa ya kwangu.

"Bibi, naandika sponji keki, eeh? Wenzangu watacheka. Neno tu, Bibi."

"Huu ni mkate wa mayai. Sibadili jina lake ili mtu aupende."