Rimu za Mtani

Siku ile uani kwetu Lizaboni, mjini Songea, walikuwepo hawa: mimi; mdogo wangu anayenifuata, msichana wa kidato cha tatu; kitinda mimba wetu, naye msichana, wa darasa la tano; baba mdogo, ndugu wa tumbo moja na marehemu baba; shangazi, dada yao mkubwa; na fundi wa gari aliyeletwa na baba mdogo. Wa mwisho alikuwa mtani wangu Myao, muuza vipuri vilivyotumika kule Mfaranyaki. Yeye alifika baadaye kwa bajaji, amepakata rimu na kunitukana njia nzima. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja aliona kwa macho yake, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba mambo yalikwenda vingine.

Gari lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu ya mbele. Ni kigari kidogo, rangi yake zamani ilikuwa bluu. Baba alikinunua kikiwa kimeshazeeka, na alipoanza kuumwa miguu akanifundisha kukiendesha, maana mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Shule niliiacha kidato cha pili mama alipolazwa, nikasema nitarudi akipona. Hakupona. Baadaye na baba akamfuata.

Tulipomaliza matanga ya baba, ukoo ulikaa kikao sebuleni kwetu. Baba mdogo akasema watoto wagawanywe. Anayenifuata aende Mbinga kwa ndugu, kitinda mimba aende kwake, na mimi nitafutiwe kazi za ndani au mume, kitakachotangulia kupatikana. Alisema kwa upole, kama mtu anayegawa viti vya kukalia. Nikasema hatugawanyiki. Wakaniuliza nitawalisha nini wenzangu. Nikasema niachieni gari.

Shangazi ndiye aliyekata shauri. "Mwacheni," alisema. "Mradi gari linatembea, watoto wakae pamoja. Siku likisimama, liuzwe, na watoto wagawanywe." Wakakubali wote haraka haraka. Walikubali kwa sababu hakuna aliyeamini kigari kile kitamaliza masika.

Kilimaliza masika, kikamaliza na mengine. Nilikuwa nakwenda Peramiho kwa wafugaji wa kuku, nabeba trei za mayai, nasambaza kwenye maduka ya mjini. Mayai yamenifundisha udereva kuliko mtu yeyote. Ukikata kona vibaya, hasara inavuja mpaka kwenye zulia la gari, na harufu yake unaishi nayo.

Halafu siku moja, mvua imenyesha, nikaingia kwenye shimo lililojaa maji. Rimu zote mbili za mbele zilipinda, moja ikapasuka pale pale ilipokuwa imechomelewa zamani. Fundi wa pancha wa mtaani kwetu akatoa tairi, akaziangalia rimu, akasema hachomelei tena. "Nikichomelea hii nitakuja kukuzika," alisema. Tairi nikaziacha kwake, gari nikaliweka juu ya mawe. Habari za gari kusimama hazikuchelewa kufika kwa baba mdogo.

Ndipo akaja Jumamosi ile na shangazi, na fundi, na rimu nne za kung'aa, zile ambazo watu huziita za sport. Zilikuwa zinang'aa kama sinia la harusi.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea viatu vipya vya gari lako."

Nilifurahi. Kwa dakika chache nilifurahi kabisa, nikawaambia wadogo zangu wakoroge chai. Fundi akachutama, akapachika rimu moja kwenye bolti. Bolti mbili zikaingia, mbili zikagoma. Akaizungusha, akajaribu tena, akaigonga kwa kiganja.

"Zimekubali?" baba mdogo akauliza.

"Zimekubali nusu," fundi akasema. "Matundu ni manne na bolti ni nne, ila haya yamekaa mbalimbali kidogo. Si tatizo. Nayatanua kwa drili."

"Unatanua nini?" nikauliza.

"Matundu, dada."

"Suruali ndiyo inayotanuliwa. Hilo ni gurudumu."

Tena rimu yenyewe ilikuwa kubwa. Ilitokeza nje ya bodi, kigari kikaonekana kama mtoto aliyevaa viatu vya babu yake. Nikasema ikikanyaga shimo moja tu, tairi litasugua bodi, na nati zilizoshikilia matundu yaliyotanuliwa zitaachia. Baba mdogo akacheka.

"Wewe hata kidato cha pili hukumaliza. Fundi anasema zinakaa, wewe unasema hazikai. Umesomea wapi?"

"Sikusoma. Lakini nitakayekuwa ndani yake ni mimi."

Hapo shangazi, aliyekuwa anapuliza chai yake, akasema, "Sasa mbona mnagombana? Si likae hivyo hivyo kwa leo tu? Mnunuzi anataka alione linang'aa, akishaondoka nalo shauri yake."

Mdogo wangu anayenifuata akaweka birika chini. Baba mdogo akamwangalia dada yake kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Mnunuzi gani?" nikauliza.

"Gari limesimama," baba mdogo akasema. Sasa upole ulikuwa umekwisha. "Tulikubaliana wote hapa. Likisimama linauzwa. Mnunuzi anakuja saa kumi, na mdogo wako nimeshamwombea nafasi ya shule Mbinga. Mimi sikuonei, nafuata kikao."

Kitinda mimba akaja akashika sketi yangu kwa nyuma. Nikamwambia baba mdogo: "Kikao kilisema likisimama. Saa kumi haijafika. Ukinikuta saa kumi liko juu ya mawe, liuze. Ukinikuta linatembea, rudi kwako na rimu zako."

"Kwa magurudumu yapi?"

"Yatakayoingia bila drili."

Nikachukua ile rimu iliyopasuka, nikamwambia anayenifuata tuondoke. Kitinda mimba nikamwacha na shangazi.

Mtani wangu ana kibanda cha mabati Mfaranyaki, na vyuma vyake vimemwagika mpaka barabarani. Kwao ni Tunduru, kunakolimwa korosho. Sisi Wangoni na Wayao ni watani, na yeye utani anaufanya kama ibada, hakosi siku. Alituona tunakuja, mimi nimeikumbatia rimu kifuani, akasimama juu ya kiti.

"Funga duka!" akawapigia kelele akina mama wanaouza mboga jirani yake. "Mngoni anakuja na ngao! Ficheni mahindi, ficheni watoto!"

"Mahindi yenu yabaki," nikasema. "Yana ladha ya korosho."

"Korosho utaipata wapi wewe, meno yote umemalizia kwenye pombe ya ulanzi. Unataka nini?"

"Rimu mbili kama hii."

"Za chuma? Wallahi hata nzi hawazitaki siku hizi. Chukua hizi za sport, gari lipendeze, labda utapata mume."

"Nataka za chuma."

Akanionyesha nyuma ya kibanda. Zilikuwa lundo, zimeota kutu, na kuku wake alikuwa anatagia ndani ya mojawapo. Nikaanza kuchagua. Nililaza rimu yangu chini, nikawa naweka nyingine juu yake mgongo kwa mgongo, nachungulia matunduni kuona kama mwanga unapita wote. Ya kwanza ilikuwa kama za baba mdogo, matundu manne lakini mbalimbali. Nyingine matundu yalilingana, ila tundu la katikati lilikuwa dogo, lisingeingia kwenye kitovu cha gari. Nyingine kila kitu kilikubali, lakini kina chake kilikuwa kifupi, gurudumu lingetoka nje. Mtani akawa anapita nyuma yangu.

"Unachagua rimu au mchumba?"

"Mchumba ningekwishapata. Rimu ndizo zenye masharti."

Nilipofika kwenye ile ya kuku, nilimtoa kuku kwa mkono, akanidonoa. Nikaipima, mwanga ukapita matundu yote. Chini ya rimu hiyo kulikuwa na pacha wake. Nikazigonga kwa spana moja moja. Chuma kizima hulia kama kengele, chuma kilichopasuka hukoroma. Zililia zote mbili. Nikazikwangua kutu kutafuta alama za kuchomelewa, sikuona. Nikazivingirisha kwenye baraza la saruji, maana rimu iliyopinda huyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Hazikuyumba.

"Hizi," nikasema.

Akataja bei. Haikuwa bei ya kuonea, nasema kweli. Mfukoni nilikuwa na pesa, lakini ilikuwa ya wafugaji wa Peramiho, ya mayai waliyokwisha kunipa. Pesa ya mtu siigusi. Nikamwambia hivyo, nikamwomba anivumilie.

"Huna pesa?" Akageuka kwa akina mama wa mboga, akanyoosha mikono kama mhubiri. "Mnamsikia? Hana pesa! Lakini ninyi Wangoni lini mlinunua kitu? Babu zenu walipita kwetu na ngao zao, hawakuuliza bei ya kitu chochote. Mngoni hanunui, Mngoni anachukua!"

Akina mama wakacheka mpaka wakashika matenga. Mdogo wangu naye akacheka, mara ya kwanza siku ile. Mimi sikucheka.

"Rudia," nikasema.

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema. Mngoni anafanyaje?"

"Hanunui, anachukua!"

"Mmesikia, mama zangu?"

"Tumesikia!" wakaitika.

"Basi nimechukua." Nikainua rimu moja, nikampa mdogo wangu ya pili.

Mtani akaruka kutoka kwenye kiti. "Wallahi, mwizi! Mwizi mchana kweupe!" Lakini hakunishika mkono. Nilimwona usoni anatafuta hasira na haipati. Anajua, na kila mtu pale alijua, kwamba kitu kilichochukuliwa kwa utani mbele za watu hakirudishwi kwa ugomvi. Mtani akinuna, si mtani tena. Mama mmoja akapiga makofi, akamwambia: "Umepatikana leo! Domo lako limekuuza!"

Akasimama ameshika kiuno. Halafu akaanza kucheka polepole, akatikisa kichwa.

"Haya. Lakini sheria unaijua. Na mimi nitakuja kwako, nitachukua. Sitakuomba, na hutanuna."

"Njoo."

"Kitu nitakachotaka mimi."

"Chochote, isipokuwa watu. Watu wangu hawachukuliwi."

Nadhani sauti yangu ilinitoka vibaya, maana aliacha kucheka. Akaniuliza kuna nini nyumbani. Mdogo wangu ndiye aliyemweleza, habari ya saa kumi na habari ya Mbinga. Mtani akafunga kibanda chake kwa kufuli na kusimamisha bajaji. "Twende," akasema. "Nataka kuona zikikataa. Zikikataa nitakucheka mpaka Songea iote mikorosho."

Kwa fundi wa pancha tukasimama, akazivalisha tairi zangu na kuzijaza upepo. Mtani akamwambia amdai Mngoni, yeye ameshaibiwa ya kutosha leo. Fundi wa pancha akasema nitamlipa kwa mayai, na nilimlipa.

Tulipoingia uani, saa kumi ikiwa haijafika, baba mdogo alisimama.

"Umezitoa wapi hizo? Umeiba?"

"Ameiba," mtani akadakia. "Aliyeibiwa ni mimi hapa. Wewe mzee unalalamika nini?"

Shangazi akaficha kicheko kwenye kanga. Nikapiga magoti kwenye matope. Sikumwomba fundi msaada. Nikapachika gurudumu la kwanza, likaingia lenyewe mpaka mwisho, bolti zote nne zikatokeza. Kitinda mimba akawa ananipa nati moja moja, nami nikazifunga kwa vidole. Gurudumu linalolingana na gari huonekana hapo: nati inakwenda yenyewe kwa vidole, spana ni ya kukazia tu. La pili likaingia vilevile. Fundi alikuwa anatazama tu muda wote, halafu akaninyooshea spana yake ndefu. Nikaipokea, nikakaza kwa kukingamanisha, ya juu na ya chini, ya kulia na ya kushoto, kama baba alivyokuwa anafanya.

Nikaliinua gari kidogo kwa jeki. Tukaondoa mawe, nikaliteremsha. Nikawasha, nikatoka getini, nikazunguka mtaa mzima na kurudi. Nikafungua mlango lakini sikushuka.

"Linatembea," nikamwambia baba mdogo.

Akasema rimu za kutu ni aibu kwa ukoo. Nikasema sawa. Akasema siku yoyote linaweza kusimama tena. Nikasema siku hiyo na mimi nitakuwepo. Akamtazama shangazi, labda alitaka amsaidie.

"Mimi nilisema likisimama," shangazi akasema. "Hili linatembea. Mpigie mtu wako simu asijisumbue."

Alipiga simu amesimama karibu na ukuta, ametupa mgongo. Rimu zake za kung'aa fundi alizipakia mwenyewe. Mimi nikaenda Peramiho jioni ile ile, wadogo zangu wote wawili nyuma, na tulirudi na mayai bila kuvunja hata moja. Anayenifuata bado yuko shule yake ya hapa hapa.

Mtani hajachukua chake. Amekuja mara nyingi tangu siku ile. Anazunguka uani mikono nyuma, ananyanyua sufuria na kuirudisha, anampima jogoo kwa macho, anamwuliza kitinda mimba kama redio yetu inashika stesheni za mbali. Nikimwambia chagua uondoke, anajibu kwamba mimi nilichagua rimu taratibu mpaka nikamtoa kuku wake, na yeye hana haraka. Wiki iliyopita alifika tunakula, akanawa, akamaliza ugali na mboga yote, akashukuru Mungu. Kitinda mimba akapiga makofi, akadhani deni letu limekwisha.

"Hii ya njaa, binti," mtani akamwambia, anatafuta viatu vyake mlangoni. "Ya rimu bado."