Mtu asiyetania alitangaza kifo kwenye foni, na sisi tukacheka

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaoandika na mnaosoma kimya kimya.

Naandika kutoka Kasongo, Maniema, huku Congo. Sitaongeza chumvi, na nisipojua kitu nitasema sijui. Halafu nyie mnaoniita "mkuu", mimi ni mama wa watoto, nauza vitenge sokoni. Ila endeleeni tu, nimeshazoea.

Huku kwetu network ya simu ni ya kubahatisha. Ukiwa kijijini Wamaza unapanda kilima na simu mkononi, na bado unashuka bila kuongea na mtu. Ndiyo maana wengi tunapenda redio za kuita na kuitika, zile tunazoziita foni.

Tuna kikundi chetu cha wapenzi wa foni: Kasongo, Nyangwe, Wamaza, hadi Kabambare. Betri ya gari, paneli ya sola, waya umefungwa kati ya miti miwili, basi, uko hewani.

Kabla hamjauliza: ndiyo, karatasi za ruhusa tunazo. Najua humu ndani mapolisi hawakosekani.

Kila asubuhi tunakutana hewani. Wengine wanataka habari za barabara, wengine wanataka kucheka tu.

Waliotuchekesha walikuwa wawili. Wa kwanza ni mjomba wangu Kalenga, seremala, ambaye nakaa kwake na foni iko sebuleni kwake. Wa pili ni Papa Sefu wa Wamaza, mkulima wa mpunga. Hao wawili ni watani, utani waliourithi kwa babu zao.

Kwa wasiojua utani wetu: mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Na ukifa, yeye ndiye anayesimama mbele ya kaburi na kuzuia watu wasizike. Anakusema vibaya, anawachekesha wanaolia, mpaka apewe kitu, hata kuku. Ndipo mwili unashuka. Asipokuwepo, wazee wanasema umeondoka bila kuagwa.

Basi mjomba na Papa Sefu walikuwa wanauana kila asubuhi.

"Hallo, hallo, Kasongo hapa. Naleta habari ya huzuni. Sefu amekufa, amesongwa na tonge la foufou ya wenyewe."

"Bien reçu, nimekupata, Kasongo. Lakini ule mutu wa kwenu njo alikufa wa kwanza, harufu yake iko inafika mpaka huku Wamaza."

Nyangwe nzima inacheka, sisi tunacheka, siku inaanza.

Asiyecheka alikuwa Monsieur Mulonda wa Kabambare, mwalimu mstaafu, ndiye msimamizi wetu wa hewa. Yeye alikuwa na kanuni. Taja kituo chako kwanza. Sema ujumbe kwa ufupi. Rudia mara moja, usiongeze neno, kisha funga kwa "terminé", yaani nimemaliza. Nyimbo hapana, utani hapana.

"Hewa haiko sebule ya mutu," alikuwa anasema.

Kusema kweli alituchosha. Wengine tukahamia chaneli nyingine, kikundi kikapasuka. Miezi ikapita hatuelewani, mpaka Papa Sefu akatupatanisha: ujumbe wa maana utangulie kwa kanuni za Monsieur, utani ufuate. Monsieur akakubali. Papa Sefu, kwa kuwa hakosi neno, akamtoza faini.

"Monsieur, na weye utatuletea utani moja. Moja tu."

Monsieur akataja kituo chake kwanza, kama kawaida. Halafu:

"Mutangojea. Siku moja nitaleta yangu. Terminé."

Jamani tulifurahi! Tangu hapo kila asubuhi lazima mmoja aulize: "Monsieur, ni leo?" Naye anajibu, "Haiko leo."

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja Papa Sefu hakuitika. Hatukushangaa, ulikuwa msimu wa kuvuna. Monsieur akaingia, sauti ile ile ya ubaoni.

"Kabambare hapa. Kwa Kalenga wa Kasongo. Papa Sefu wa Wamaza amekufa. Maziko ni leo alasiri. Unangojewa kaburini."

Hewa yote ililipuka kwa kicheko. Mjomba alipiga meza kwa furaha, chai ikamwagika. Nyangwe walikuwa wanapiga makofi kwenye kipaza.

"Monsieur! Ni leo!"

Monsieur akarudia, neno kwa neno, kama kanuni yake inavyotaka. Na hapo ndipo tulipozidi kucheka, maana alikuwa anaigiza vizuri mno, hata kicheko hakikumtoka. Mjomba akashika kipaza huku machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Bien reçu, Monsieur! Mwambie huyo maiti angojee, niko ninakula kwanza. Mutu mwenye kufa haiko na haraka!"

"Terminé," akasema Monsieur. Akazima.

Mimi mwenyewe nilikwenda sokoni nacheka.

Saa tisa hivi, dereva wa pikipiki aliyetoka Wamaza akapita kwenye meza yangu. Akavua kofia, akanipa pole. Nikamwuliza pole ya nini. Aliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili.

Sijui nilifikaje nyumbani. Mjomba alikuwa anapiga randa. Nilimwambia, akaendelea kupiga randa kidogo, halafu akaiweka chini, akaenda kutafuta pikipiki.

Tuliondoka saa ile ile kwa pikipiki mbili. Mvua ilikuwa imeharibu njia, tukalala njiani kwa watu, tukafika Wamaza asubuhi. Kaburi lilikuwa limefunikwa. Wao ni Waislamu, maiti halazwi mpaka kesho. Walingoja mpaka jua likakaribia kuzama, wakashindwa kungoja zaidi, wakazika bila mtani.

Mama Zena, mjane, alikuwa amekaa eda. Aliongea na mjomba kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Kalenga, usijilaumu. Wakati anazidiwa alituambia, 'Mukimwambia Kalenga, hatakubali, atacheka.' Njo maana hatukutangaza siye wenyewe. Tulimwita Monsieur pembeni, kwa chaneli ingine, tukamuomba yeye aseme. Tulimutafuta mutu mwenye hacheki."

Mjomba akauliza, "Alisema nini tena?"

"Alisema, 'Akicheka mumuache. Angalau mutu moja acheke siku ile.'"

Wakuu, mjomba wangu ni mzee wa miaka mingi. Alikaa chini kwenye tope palepale mlangoni, akalia kwa sauti. Mimi nililia pia, sina aibu ya kulisema.

Baadaye nilimuuliza Monsieur kwa nini hakutuambia, "Jamani, sichezi." Akanijibu kwamba kanuni ni kurudia mara moja, bila kuongeza neno, na kanuni ile aliitunga yeye. Alisema alizima foni, akakaa akiiangalia mpaka adhuhuri. Alitaka kuiwasha, akaona haya.

Sasa kikundi kimegawanyika upya. Wa kanuni wanasema, "Tuliwaambia." Wa kucheka wanasema Monsieur ndiye aliyeahidi utani. Mimi wote wananiudhi. Papa Sefu alitupatanisha, sisi tunagombana juu ya kaburi lake!

Funzo langu ni hili. Mkitunga kanuni, muache nafasi ya mtu kusema mara ya tatu, kwa sauti yake mwenyewe, hata akilia. Na mkicheka, mmoja wenu anyamaze kidogo asikilize. Habari ya kifo kwetu sasa haipiti hewani. Inapelekwa na mtu, inabisha hodi.

Haya, nyie kwenye vikundi vyenu mnafanyaje? Semeni, nitamsomea mjomba, yuko hapa pembeni yangu.

Na mwenye ulimi wa utani, tafadhali amtukane kidogo. Tangu msiba ule kila mtu anamwonea huruma, na huruma ndiyo inayommaliza.