Maswali ya Moyo Penye Mzani

Asubuhi ile ya kliniki ya sukari, koridoni tulikuwa nesi, bibi mmoja wa upande wa Kifungilo, mkwewe aliyemleta kwa bodaboda, mzee mwenye fimbo, na mimi niliyefuata dawa za mama, mwanangu mgongoni.

Bibi alipopanda mzani, nesi akauliza kwa sauti ya kuita kuku: "Bibi, siku hizi umekata tamaa? Unatamani kufa?"

Mkwe akatazama viatu vyake. Bibi akavuta kanga hadi machoni.

"Mimi mzima, mwanangu."

"Mbona sukari iko juu? Dawa unameza?"

"Nameza."

Nilikasirika, na hasira haijaisha. Maswali hayo ni mema, maana sukari huuchosha hata moyo. Lakini ni Msambaa gani atasema mbele ya mkwewe kwamba amechoka kuishi? Chumba chenye mlango kilikuwa hakina mtu, hatua chache tu kutoka kwenye mzani!

Mzee akainuka. "Kijana, nishike mkono nikaote jua."

"Mzee, zamu yako ndiyo inayofuata," nesi akasema.

"Itanisubiri."

Mkwe alimshika haraka, kama aliyefunguliwa kamba. Nikawafuata. Nikiwa bado kwenye mlango wa kutokea nje nikamsikia bibi akisema polepole, "Dawa nilishaacha, mwanangu. Za nini?"

Kliniki iliyofuata bibi alikuja na binti yake, na sukari ya bibi ilikuwa imeshuka. Maswali bado yanaulizwa palepale penye mzani.