Albamu ya Jeneza na Sahani za Mama Alfredi

Ukifika kwa Natalia ukiwa umeshiba, pole yako. Hapa kijijini Gitting hakuna aliyewahi kuaga kwake bila kula. Afisa kilimo mmoja alikuja kuangalia mahindi yake, akasema ana haraka, akajikuta amekalishwa kwenye kigoda na bakuli la makande mkononi. Alipolimaliza, Natalia alimwongezea bila kumuuliza. Mimi mwenyewe, nilipohamia hapa kutoka Katesh baada ya kuolewa na Hasani mwenye duka, ilikuwa Ramadhani. Nilimwambia kwa adabu kwamba nimefunga, akanitazama kama mtu aliyeambiwa nimeibiwa. Jua lilipozama alileta futari ambayo ingetosha msikiti mzima.

Yeye mwenyewe hali. Yaani anakula, lakini hakuna anayemwona. Wageni wakimaliza anabaki jikoni amesimama, anakwangua sufuria. Ukimwambia keti, mama, nawe ule, anasema ameshaonja wakati wa kupika. Nimekuwa jirani yake mpaka binti yangu Safina ameanza shule, na sikuwahi kumwona ameshika sahani yake.

Mwanamke huyo ndiye aliyejaliwa kuzaa mwanamuziki. Alfredi, kitinda mimba wake, alikwenda Arusha kusomea ufundi wa umeme, na umeme wenyewe sijui aliuacha wapi. Alirudi Krismasi moja na miwani myeusi, kofia ya sweta imemfunika mpaka kwenye nyusi, na jina jipya: Jeneza. Muziki wake ni ule mgumu, ambao anayeimba anakoroma kana kwamba wewe binafsi ndiye umemkosea. Mwaka huu akatoa albamu yake ya kwanza, akaiita Mfupa Mtupu.

Hapa Gitting iliingilia dukani kwetu. Hasani anauza sabuni na misumari, mimi nina kompyuta yangu pembeni na ninawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Sikuipenda albamu, lakini niliisambaza kwa bidii zote, biashara ni biashara.

Na maoni yakaanza. Vijana wa bodaboda walisema ni kazi ngumu, na kwao hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa. Katekista alisema hatakaa aisikilize, kisha akaeleza kwa usahihi mkubwa tusi lililoko kwenye wimbo wa tano. Mzee mmoja mfugaji kutoka Dirma, aliyekuja kununua chumvi, aliegemea fimbo yake akaisikiliza yote mpaka mwisho, akasema kijana ana hasira, na kwamba angepata ng'ombe ingempungua. Mume wangu alisema besi imemharibia spika. Huko mitandaoni mtu asiyejulikana aliandika kwamba Jeneza bado mchanga, ila wimbo wa tatu umemtoa machozi.

Huo wimbo wa tatu ndio ulioleta balaa. Ndani yake Jeneza anasema alikua bila mama, akalala njaa, na hakuna aliyewahi kumwita ale. Fabiola, jirani wa ukuta kwa ukuta wa Natalia, aliusikia kwenye simu ya mwanawe, akautolea maoni bombani. Alisema tu kwamba mtoto amelalamika. Ndoo zilipofika nyumbani maneno yalikuwa yameshakua: Natalia alimnyima mtoto chakula ili awape wageni apate sifa. Watu waliolishwa na Natalia tangu ubatizo wao wakaanza kukumbuka kwamba, kweli, yule mtoto alikuwa mwembamba.

Nilikasirika. Bado nina hasira nikiandika haya, kwa sababu nawajua waliosema na nayajua matumbo yao.

Natalia aliyapuuza mpaka siku kijana wa bodaboda alipomletea mfuko wa mbolea. Naye akamletea ugali na maziwa ya mgando kama kawaida. Kijana akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Usijisumbue, mama." Ni maneno ya heshima kabisa. Natalia alikuja dukani na ile sahani ikiwa imefunikwa, akakaa kwenye gunia la sukari akalia.

"Mama Safina," akaniambia, "wanakataa chakula changu."

Nilimshauri ausikilize wimbo wenyewe kwanza, kwa kuwa katika kijiji kizima ni yeye peke yake aliyekuwa hajausikia. Akakataa. Alfredi alikuwa amemtumia memori kadi yenye nyimbo kwa mkono wa dereva wa basi kabla albamu haijatoka, na yeye akaitia kwenye kopo la mbegu za maharage, akafunga kifuniko. Alisema hatasikiliza mtoto wake akimzika akiwa hai. Badala yake alikwenda kumshtaki kwa Bibi Qamara.

Kwetu huku mwanamume akimtukana mama yake, wanaume wenzake hawamhukumu. Akina mama wenyewe wanakaa mlimani, mbali na nyumba, na wakimwona ana hatia anatoa dume la ng'ombe, wanalichinja na kulila wao peke yao. Anayeongoza kikao ni Bibi Qamara, ambaye ni mzee kiasi kwamba hata katekista anamwogopa. Mwanamume hasogei huko, isipokuwa mshtakiwa. Siku hiyo Bura, mume wa Natalia, alishinda dukani kwetu na Hasani, wamezima redio, wametega masikio upande wa mlimani.

Mimi niliitwa kwa sababu nina spika.

Nilikuta akina mama wamejaa kwenye nyasi, na katikati yao masufuria ya makande. Natalia alikuwa amewapikia waliokuja kusikiliza kesi yake. Wengine walikuwa wanaangalia masufuria kwa haya, na haya hiyo haikuwashibisha.

Jeneza aliteremka kwenye bodaboda kutoka Katesh na miwani yake. Msanii ambaye kwenye wimbo wa kwanza anaapa kutompigia mtu magoti alivua kofia, akainama, akatoa shikamoo kwa kila mama, mmoja baada ya mwingine, mpaka sauti ikamkauka. Natalia aliitikia ya kwake akiwa ameangalia pembeni.

Maoni yalitolewa upya, safari hii kwa mpangilio. Huyu alimpa uji alipotoka kuchunga. Yule alimpa viazi, akaomba vingine. Mwingine alikumbuka kuku, na mwenye kuku wake akakumbuka kwamba yule kuku aliibwa. Ilionekana kwamba hakuna mtoto aliyewahi kula Gitting kama Jeneza. Fabiola akasimama, akamuuliza swali ambalo wote tulikuwa tumelifuata pale.

"Ni nani aliyekunyima chakula?"

Alfredi alimtazama mama yake, akavua miwani. Akamgeukia Bibi Qamara. Alisema, "Bibi, naomba mama asikilize kwanza."

Bibi Qamara akaniashiria. Nikaweka wimbo wa tatu. Ngoma ilianza kupiga, ng'ombe walioko bondeni wakainua vichwa, kisha ile sauti ya mkoromo ikaingia:

*Nimelala mashineni, godoro langu pumba,*
*nimekula unga wa kufagia, mgeni bila nyumba.*
*Wamegawana mbuzi, mimi sikuwa fungu,*
*hakuna aliyeniita, njoo ule, mwanangu.*

Natalia alikuwa amesimama kando ya masufuria na upawa mkononi. Aliuweka chini taratibu. Akaniomba nirudie, nikarudia. Mara ya pili niliacha kuangalia spika nikamwangalia yeye, na nikajua kwamba kuna jambo ambalo sote tulilikosea.

"Zima, Mama Safina," akasema.

Nikazima.

"Huyo si Alfredi. Huyo ni mimi."

Tulichokuwa tunajua juu ya Natalia ni kwamba aliolewa kutoka upande wa Dongobesh na kwamba wazazi wake walikufa mapema. Hakuna aliyemuuliza zaidi, tulikuwa tunakula. Sasa alisema, bila kupandisha sauti, kwamba baada ya mazishi ndugu waligawana mifugo na mashamba, na yeye, msichana mdogo, hakuna aliyemchukua. Mwenye mashine ya kusaga alimruhusu alale ndani, kwa kuwa kulikuwa na joto, na asubuhi afagie. Unga aliofagia aliukoroga na maji akaunywa, mchanga ukabaki chini ya kopo. Siku za gulio alikaa nje ya mgahawa akinusa. Alimsimulia Alfredi mara moja tu, akiwa mdogo, ana homa na anakataa uji. Bura hajui mpaka leo, alisema.

Nilifikiria Bura dukani na masikio yake, na nikafurahi kwamba mlima ni mkubwa.

"Nilikutumia ile kadi kabla ya watu wote, mama," Alfredi akasema. "Uliponyamaza nikadhani umekubali."

Natalia alisema kadi iko kwenye kopo la mbegu. Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Alfredi alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sweta yake nyeusi, na pale hapakuwa na ugumu wowote. Mimi pia sikuwa na hali nzuri. Albamu ile niliisikia kila siku nikiijaza kwenye kadi za watu, na nilikuwa na maoni yangu juu ya besi.

Ikabaki hukumu. Bibi Qamara alifumba macho, mpaka wengine wakafikiri amelala. Halafu alisema kwamba dume halitatoka, kwa kuwa hakuna mama aliyetukanwa, lakini hajawahi kuvunja kikao bila watu kula, na hataanza leo. Akamtazama Fabiola.

Fabiola, ambaye hakosi neno, aliinuka. Alichukua sahani, akapakua makande, akajaza, akaenda kuyaweka mapajani mwa Natalia, ambaye wenzake walikuwa wameshamkalisha kwenye nyasi. Natalia akasema asante, ila ameshaonja wakati wa kupika.

"Kula, mwanangu," Bibi Qamara akamwambia.

Alikula. Alikula polepole, ameinamisha kichwa, sisi sote tukimtazama, na hakuna aliyejipakulia kabla yake. Sahani ilipobaki tupu akataka kuinuka akaioshe. Fabiola aliichukua mkononi mwake, akamwongezea bila kumuuliza.